Maswali ya wasomaji: foleni ya pakiti inayoiangusha Linux nzima

Barua za safari hii zinazunguka udhaifu mmoja wa usalama, uliosajiliwa kwa namba CVE-2022-47929, ulioko katika sehemu ya kerneli (kiini) ya Linux inayopanga foleni za pakiti. Ulitangazwa Januari 2023, lakini mashine za kugawa intaneti huwashwa na kuachwa zikihudumia kwa miaka, kwa hiyo maswali bado ni ya leo.

Nagawa intaneti kwa wateja wa mtaa mzima kwa seva moja ya Linux, kila mteja na kundi lake la HTB (kanuni ya foleni inayogawa kasi kwa makundi). Nimeambiwa amri tatu za `tc`, zana ya kupangia foleni, zinatosha kuangusha seva yote. Inawezekanaje, na je, mtu aliye nje anaweza kunifanyia hivyo? (Mwanza)

Inawezekana, na amri zenyewe ni za kawaida kabisa:

`tc qdisc replace dev eth0 root handle 1: htb default 1`
`tc class add dev eth0 parent 1: classid 1:1 htb rate 10mbit`
`tc qdisc add dev eth0 parent 1:1 handle 10: noqueue`

Ya kwanza inaweka HTB kwenye mzizi, yaani mwanzo wa mti wa foleni, wa kiolesura cha mtandao `eth0`. Ya pili inaunda kundi lenye kasi ya megabiti 10. Ya tatu ndiyo yenye sumu: inaliambia kundi hilo litumie `noqueue`, yaani lisiwe na foleni. Kwenye kerneli isiyorekebishwa zote tatu zinapita bila neno. Seva inaendelea vizuri mpaka pakiti ya kwanza itakapoangukia kundi 1:1, hapo inazima. Kwa kuwa `default 1` inapeleka huko kila pakiti isiyo na kundi, mara nyingi haichukui hata sekunde. Lakini kama kundi ni la mteja ambaye hajawasha ruta yake, mtego unaweza kulala wiki nzima, na siku seva inapoanguka hakuna atakayekumbuka amri iliyoandikwa Jumatatu iliyopita.

Tuingie ndani kidogo, maana ukielewa njia ya pakiti utaelewa na kiraka, yaani rekebisho lake. Pakiti inapotoka, funksheni ya `__dev_queue_xmit()` inatazama kanuni ya foleni iliyoko kwenye mzizi na kuuliza: je, ina `enqueue`, yaani funksheni ya kupokea pakiti? Ikiwa ipo, pakiti inaingizwa kwenye foleni. Ikiwa ni tupu, kerneli inaelewa kuwa hii ni `noqueue` na pakiti inakwenda kwa draiva moja kwa moja. Kwa hiyo utupu huo umewekwa makusudi, ndiyo ishara yenyewe. Hata usajili wa kanuni za foleni una kinga: kanuni isiyo na `enqueue` hupewa moja ya akiba inayotupa pakiti. Phil Sutter alipoisajili `noqueue` mwaka 2015 ili wasimamizi waweze kuitaja kwa jina kwenye `tc`, ilibidi `noqueue` ifute ile ya akiba kila inapoanzishwa, la sivyo ishara ingepotea.

Kasoro ni kwamba swali lile linaulizwa kwenye mzizi tu. Mzizi ukiwa HTB, jibu ni "ndiyo, `enqueue` ipo", pakiti inaingia `htb_enqueue()`, inapangiwa kundi, kisha inakabidhiwa foleni ya jani, yaani ile iliyo chini ya kundi, kupitia `qdisc_enqueue()`. Hii ya mwisho haiulizi kitu. Inaita `enqueue` ya jani hapo hapo. Jani likiwa `noqueue`, anwani inayoitwa ni sifuri, na prosesa inaruka kwenda mahali pasipo na kitu. Haya yanatokea ndani ya kerneli, kufuli ya foleni ikiwa imeshikwa, kwa hiyo hakuna programu moja ya kuua ili nyingine zinusurike.

Kuhusu mtu wa nje: hawezi kukuwekea mpangilio huu kwa kukutumia pakiti. Anahitaji ruhusa ya kusimamia mtandao, `CAP_NET_ADMIN`. Shida ni kwamba katika matoleo mengi ya Linux mtumiaji wa kawaida aliye na akaunti kwenye seva anaweza kujifungulia neimspesi yake (eneo lake lililotengwa ndani ya mfumo) kwa `unshare -Urn`, humo ndani akawa na ruhusa hiyo, akaunda kiolesura bandia cha `dummy` na kuandika amri zile. Neimspesi ni yake peke yake, lakini kerneli ni ya wote. Ndiyo maana udhaifu huu unahesabiwa kuwa wa kunyima huduma kutoka ndani, wenye alama 5.5 kati ya 10 kwa kipimo cha ukali cha CVSS. Seva yako ya mtaani, ambayo akaunti ni ya msimamizi peke yake, ina hatari ndogo kuliko seva ya chuo yenye akaunti za wanafunzi.

Nimeandika `ip link` nikaona `noqueue` kwenye lo, docker0 na wlan0. Nizifute? (Nairobi)

Usiguse. Zote hizo ziko kwenye mzizi, na mzizi ndio mahali pake halali. Violesura vya programu havina haja ya foleni, na Wi-Fi ina foleni zake ndani ya kerneli. Kinachotafutwa ni `noqueue` iliyoning'inia chini ya kundi:

`tc qdisc show | grep 'noqueue.*parent'`

Mstari salama unasomeka `qdisc noqueue 0: dev lo root refcnt 2`. Mstari wa hatari una neno `parent` na namba ya kundi, mfano `qdisc noqueue 10: dev eth0 parent 1:20`. Ukiupata, uondoe mara moja kwa `tc qdisc del dev eth0 parent 1:20 handle 10:`. HTB yenyewe italirudishia kundi foleni ya kawaida ya `pfifo`, na mteja hatakatika. Kumbuka amri ya kutafuta inaona neimspesi uliyomo tu. Kwenye seva ya kontena rudia ndani ya kila moja kwa `ip netns exec` au `nsenter`.

Seva yangu ni AlmaLinux 8, `uname -r` inaanza na 4.18. Nimesoma kuwa kiraka kiko 6.1.6. Ina maana niko wazi? (Arusha)

Si lazima. Kerneli asilia ilipata kiraka katika 6.1.6, na mfululizo wa 6.2 na kuendelea unacho tangu mwanzo. Lakini watengenezaji wa matoleo kama Red Hat, Debian na Ubuntu hurudisha viraka kwenye kerneli zao za zamani bila kubadili namba ya mbele, kwa hiyo 4.18 hapo haikuambii lolote. Soma orodha ya mabadiliko ya kerneli inayotembea sasa:

`rpm -q --changelog kernel-core-$(uname -r) | grep 47929`

Kwa Debian: `apt changelog linux-image-$(uname -r) | grep -i noqueue`; kwa Ubuntu andika `linux-modules` badala ya `linux-image`. Hapa tumetafuta neno badala ya namba kwa sababu viraka vingine huorodheshwa kwa kichwa chao tu, na kichwa cha hiki ni "net: sched: disallow noqueue for qdisc classes".

Kama bado una shaka, jaribu kwa mkono, ila kwa uangalifu huu:

`ip link add d0 type dummy`
`tc qdisc add dev d0 root handle 1: htb default 1`
`tc class add dev d0 parent 1: classid 1:1 htb rate 10mbit`
`tc qdisc add dev d0 parent 1:1 handle 10: noqueue`

Usiandike `ip link set d0 up` hata kidogo. Kiolesura kikiwashwa, IPv6 hutuma pakiti zake za kujitambulisha bila wewe kuamuru, na pakiti moja tu inatosha kukuangusha. Kikiwa kimezimwa, mpangilio unapokelewa lakini hakuna kinachopita. Kerneli iliyorekebishwa itakataa amri ya mwisho kwa ujumbe `Error: Cannot assign noqueue to a class.` Isipokataa, huna kiraka. Futa haraka kwa `ip link del d0`. Tungependelea ufanye jaribio hili ndani ya mashine pepe yenye kerneli ile ile, hasa kama kuna programu ya kusimamia mtandao inayopenda kuwasha kila kiolesura inachokiona.

Na angalia kosa linalowapata wengi: kerneli mpya imesakinishwa, mashine haijawashwa upya. `uname -r` ndiyo inayosema ukweli. Orodha ya vifurushi inasema kilichopo kwenye diski tu.

Siwezi kuzima seva mpaka mwisho wa mwezi. Nina akaunti za watu kama arobaini humo. Nifanye nini kwa sasa? (Dodoma)

Funga mlango wa neimspesi kwa watumiaji wa kawaida. Andika kwenye faili `/etc/sysctl.d/90-userns.conf`:

`user.max_user_namespaces = 0`

kisha `sysctl --system`. Debian na Ubuntu zina pia `kernel.unprivileged_userns_clone = 0`, ambayo ni laini zaidi kwa sababu haimgusi `root`, msimamizi mkuu. Ubuntu 24.04 inakuja na kizuizi cha AppArmor kwa jambo hili tangu mwanzo.

Fahamu utakachovunja: Podman isiyo na `root`, Flatpak, na kinga ya ndani ya Chromium vyote hutegemea neimspesi hizo. Kwenye seva ya mtandao hasara ni ndogo. Kwenye kompyuta za mezani za maabara malalamiko yataanza siku hiyo hiyo, na msimamizi wa hapo afadhali awashe upya usiku kuliko kuzuia. Jambo la pili, kizuizi hakiondoi neimspesi zilizokwisha funguliwa. Zitazame kwa `lsns -t user` na uzime michakato usiyoitambua.

Wengine hupendekeza kuzuia moduli kwa `install sch_htb /bin/false`. Hatuipendi njia hii. HTB si mlango pekee. Kanuni nyingine zenye makundi, kama HFSC na DRR, hupokea jani kwa njia ile ile, na `noqueue` yenyewe imejengwa ndani ya kerneli, haina moduli ya kuzuia. Isitoshe, seva inayogawa intaneti inaihitaji HTB.

Kwa wenye Docker: kontena ya kawaida haina `NET_ADMIN`, na kichujio chake cha miito ya kerneli, seccomp, kinazuia kufungua neimspesi mpya ya mtumiaji. Inayohitaji kuangaliwa ni ile iliyoanzishwa kwa `--cap-add=NET_ADMIN` au `--privileged`, kama zile za VPN. Mpangilio wa sysctl tulioutaja juu hauziokoi hizo.

Nilisasisha kerneli, seva ikawaka, lakini nusu ya wateja hawakuwa na kikomo cha kasi. Mmoja alimeza laini yote hadi asubuhi. Kuna uhusiano? (Mombasa)

Uhusiano upo, na dawa iko kwenye skripti yako. Mipangilio ya `tc` haihifadhiwi. Kila mashine inapowaka skripti huijenga upya. Skripti yako inaelekea kuwa na mstari wa `noqueue` katikati na `set -e` juu. Zamani mstari ule ulipita kimya kwa sababu kundi lenyewe halikuwa likipata pakiti. Kerneli mpya imeukataa, skripti ikasimama hapo, na makundi yaliyofuata hayakuundwa. Pakiti zisizo na kundi, kama `default` inaelekeza kwenye kundi ambalo halipo, HTB huzipitisha bila kuzipima. Endesha `tc -s qdisc show dev eth0` usome `direct_packets_stat`: namba inayopanda inaonyesha trafiki inayokwepa makundi.

Usitatue kwa kuweka `|| true` mwisho wa mstari. `noqueue` chini ya HTB haina maana hata ingekubaliwa: HTB inabana kasi kwa kuzishikilia pakiti mpaka zamu yake ifike, na mahali pa kuzishikilia ni jani. Weka foleni halisi:

`tc qdisc replace dev eth0 parent 1:20 handle 20: fq_codel limit 1024 memory_limit 4Mb`

Hizo namba mbili tumeziweka kwa sababu. Chaguo-msingi la `fq_codel` ni pakiti 10,240 na memori ya MB 32 kwa kila foleni, yaliyopimwa kwa mashine yenye foleni chache. Wateja 300 mara MB 32 ni karibu GB 9.6 inayoruhusiwa kujaa. Kwenye seva ya GB 4, siku laini ya juu ikikwama, umejinyima huduma mwenyewe bila adui. Kwa MB 4 kila mmoja, kikomo cha juu ni GB 1.2.

Kwa wateja wa kasi ndogo rekebisha pia `target`, ucheleweshaji ambao `fq_codel` huuvumilia. Chaguo-msingi ni milisekunde 5, lakini pakiti kamili ya baiti 1,514 kwenye kasi ya megabiti 1 huchukua milisekunde 12 kupita. `fq_codel` itaona kila pakiti imechelewa hata foleni isipokuwa na tatizo, na itaanza kutupa bila sababu. Kwa megabiti 1 weka `target 15ms`; kuanzia megabiti 4 kwenda juu acha ilivyo.

Bodi yetu ina kerneli ya zamani iliyojengwa na mtu aliyekwisha ondoka kazini. Hakuna sasisho. Naweza kuingiza kiraka kwa mkono? Na kwa nini hawakuongeza tu ukaguzi ndani ya `qdisc_enqueue()`? (Kampala)

Unaweza. Kiraka cha Frederick Lawler wa Cloudflare ni kifupi mno. Fungua `net/sched/sch_api.c`, tafuta `qdisc_graft()`, nenda kwenye tawi linaloshughulikia kundi, baada ya `cops->find()` kuthibitisha kuwa kundi lipo na kabla ya `cops->graft()` kuitwa. Hapo ongeza sharti: kama `new` ipo na `new->ops == &noqueue_qdisc_ops`, rudisha `-EINVAL`. Mstari wa ujumbe wa kosa, `NL_SET_ERR_MSG`, hauko kwenye kerneli za zamani sana; uache, na `tc` itaonyesha `RTNETLINK answers: Invalid argument`. Usisahau sehemu ya `new &&`, maana kufuta foleni ya jani kunapita hapo hapo `new` ikiwa tupu, na bila sharti hilo utakuwa umetengeneza anguko jingine mahali pale pale.

Swali lako la pili ni zuri. `qdisc_enqueue()` hupitiwa na kila pakiti, mamilioni kwa dakika, ilhali mpangilio hubadilishwa mara chache. Ukaguzi wa mpangilioni hulipwa mara moja. Tena, ukikuta jani tupu katikati ya safari ungefanya nini na pakiti? Kuitupa kungemficha msimamizi kosa lake; kuipitisha kungevunja kikomo cha kasi alichokiweka. Kukataa mwanzoni, kwa ujumbe unaosomeka, ndiko sahihi. Kumpa `noqueue` funksheni ya kweli nako kusingewezekana bila kubadili `__dev_queue_xmit()`, kwa kuwa utupu ndio inaoutafuta.

Natumia netem mbili kuiga mtandao mbovu, zote na `duplicate`. Baada ya sasisho la 2025 ya pili inakataliwa. (Dar es Salaam)

Ni rekebisho la udhaifu wa jamii hiyo hiyo. `netem` inaporudufisha pakiti, nakala huingizwa tena kuanzia mzizi wa mti, na `netem` hiyo huzima urudufishaji wake kwa muda ili nakala isizae nakala. Lakini haiwezi kuizima jirani yake. Mbili zikiwa kwenye mti mmoja, nakala huzaana bila mwisho mpaka memori iishe. Kwa rekebisho hilo, `netem` yenye `duplicate` hairuhusiwi kuwa na `netem` nyingine kwenye mti wake. Mti ni wa kiolesura kimoja, kwa hiyo unda jozi ya `veth`, yaani violesura viwili vya programu vilivyounganishwa, weka `netem` moja kila upande, na majaribio yako yataendelea.

Seva yangu huzima ghafla bila kuacha kitu kwenye logi. Nitajuaje kama ni kosa hili? (Zanzibar)

Logi za diski hazitakusaidia, kerneli hufa kabla ya kuandika. Tumia `netconsole`, inayotuma ujumbe wa kerneli kwa UDP kwenda mashine nyingine:

`modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.2/eth0,6666@192.168.1.9/aa:bb:cc:dd:ee:ff`

Upande wa kupokea, `nc -u -l 6666`. Ongeza `dmesg -n 8` ili ujumbe wote upite. Wasomaji huuliza itawezaje kutuma wakati foleni ndiyo iliyovunjika: `netconsole` haipiti kwenye foleni za `tc`, humkabidhi draiva pakiti moja kwa moja. Kama mpokeaji yuko mtandao mwingine, anwani ya MAC iwe ya ruta yako, si ya mpokeaji. Ukikosea hapo hutaona hata herufi.

Alama za kutafuta ni tatu kwa pamoja: `BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000000`, kisha `RIP: 0010:0x0`, na kwenye mfuatano wa miito `htb_enqueue` ikifuatiwa na `__dev_queue_xmit`. `RIP` ikionyesha jina la funksheni badala ya sifuri, tatizo lako ni jingine.

Wengi huweka `kernel.panic_on_oops=1` na `kernel.panic=10` ili seva ijiwashe yenyewe baada ya sekunde 10. Ni vizuri, ila ikiwa mstari wa `noqueue` uko kwenye skripti inayoendeshwa wakati wa kuwaka, seva itaanguka na kuwaka bila kukoma. Ikifika hapo, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB, ongeza mwisho wa mstari wa `linux` maneno `systemd.mask=` pamoja na jina la huduma inayoendesha skripti yako ya `tc`, kisha Ctrl-X. Mashine itawaka bila mipangilio ya foleni, na utapata nafasi ya kuhariri faili.